BOB MARLEY: NYIMBO 14 NA ZILE ZILIZOACHWA

Wapenzi wengi wa muziki wanamjua marehemu Bob Marley kwa santuri moja tu, nayo ni "Legend". Santuri hiyo ilitolewa Mei 1984, miaka mitatu baada ya kifo chake, na imeuza zaidi ya nakala milioni 25 ulimwenguni. Hata hivyo, aliyemsikiliza humo peke yake amemjua nusu.

Robert Nesta Marley alizaliwa tarehe 6 Februari 1945 katika kijiji cha Nine Mile, Jamaica. Baba yake alikuwa mzungu ambaye hakukaa kumlea. Alilelewa na mama yake, Cedella, kisha wakahamia Trench Town, mtaa wa mafukara mjini Kingston. Huko, pamoja na Bunny Livingston na Peter Tosh, aliunda kundi la Wailers. Mwaka 1964 wimbo wao "Simmer Down", uliowaasa vijana wa mitaani wapoze hasira, ulishika nafasi ya kwanza kisiwani. Sifa walipata, bali fedha zilikuwa haba.

Mlango wa riziki ulifunguka mwaka 1972 walipoingia mkataba na Chris Blackwell wa kampuni ya Island. Baadaye wenzake wawili walijitoa, naye akaendelea. Tarehe 3 Desemba 1976 watu wenye bunduki walimvamia nyumbani kwake wakamjeruhi. Siku mbili baadaye alipanda jukwaani na jeraha lake. Mwaka 1978 aliwashikanisha mikono mbele ya umati mahasimu wawili wa siasa za Jamaica, Michael Manley na Edward Seaga.

Mwaka 1979 alitoa "Survival", santuri ya kuihimiza Afrika iungane na ijikomboe. Aprili 1980 alikwenda Zimbabwe kwa gharama yake mwenyewe, akaimba usiku ule bendera ya uhuru ilipopandishwa.

Wakati huo maradhi yalikuwa yamekwisha mwingia. Saratani iliyogunduliwa katika kidole cha mguu mwaka 1977 ilienea mwilini. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36. Hakuacha wasia, na mirathi yake ikazua kesi zilizochukua miaka mingi. Hilo ni funzo kwa kila mwenye mali na watoto.

Sauti yake nayo iligawanywa. Waliokusanya "Legend" walichukua nyimbo zote 10 zilizokuwa zimeingia katika 40 bora za Uingereza, wakaongeza 3 za Wailers wa awali pamoja na "Redemption Song". Shabaha yao ilikuwa mnunuzi wa Ulaya na Marekani aliyeuogopa ukali wa reggae, kwa hivyo mapenzi na amani vilitangulizwa. Biashara ilifaulu: santuri ilikaa kileleni Uingereza kwa majuma 12.

Lakini kutoka "Survival" hawakuchukua hata wimbo mmoja. "Zimbabwe", wimbo walioupenda wapigania uhuru wa nchi hiyo, haumo. "Africa Unite" haumo pia.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Ni kweli, lakini soko la Uingereza halikuwa kipimo cha thamani ya Marley kwetu sisi Waafrika. Mwenye "Legend" nyumbani na aisikilize, kisha aitafute "Survival". Hapo ndipo atakapomjua mtu mzima.