Nduna Songea Mbano: Mwili uko Songea, kichwa bado kinatafutwa

Ukifika Songea ukamwambia bodaboda akupeleke Makumbusho ya Majimaji, hatakuuliza mara mbili. Ni pale Mahenge. Ndani ya uzio kuna kaburi la halaiki la mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Kando yake kuna kaburi la mtu mmoja, peke yake.

Huyo ndiye Nduna Songea Mbano, mtu aliyeupa mji huu jina lake.

Lakini kaburi hilo lina kasoro moja ambayo kila mkazi wa Songea ameisikia tangu utotoni. Inaaminika aliyelala humo hana kichwa.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, kesi hii imetoka kwenye simulizi za wazee na kuingia maabara. Kwa nini imekuwa ngumu hivyo? Tuanze na mwenyewe.

ALIKUWA NANI?

Wangoni walitoka Afrika Kusini wakati wa vurugu za enzi za Shaka Zulu. Wakiongozwa na Zwangendaba walivuka mto Zambezi mwaka 1835, wakafika hadi Ufipa, ambako kiongozi wao alifariki. Baada ya hapo waligawanyika, na baadhi yao wakateremka hadi huku Ruvuma.

Hapa wakajenga tawala mbili. Kaskazini ilikuwa Mshope, ambayo baadaye iliongozwa na Nkosi Chabruma. Kusini ilikuwa Njelu, iliyokuja kuwa chini ya Nkosi Mputa Gama.

Songea Mbano hakuwa Nkosi. Alikuwa nduna, yaani mkuu wa vita na msaidizi wa mfalme, upande wa Njelu. Ila jamaa alikuwa na nguvu kweli kweli. Alikuwa na watu wengi na wapiganaji wengi, na neno lake lilisikilizwa. Ndiyo maana Wajerumani walipofika mwaka 1897 na kujenga boma lao eneo lake, jina lililobaki ni la nduna, si la mfalme.

Mapango ya mlima Chandamali, pale pale mjini, mpaka leo wenyeji huyataja kuwa ndiyo yaliyokuwa maficho yake.

MAJI YANAFIKA UNGONI

Utawala mpya ulikuja na kodi ya kichwa, kazi za lazima na amri zisizo na mjadala. Wangoni waliozoea kuamrisha sasa wakawa wanaamrishwa.

Julai 1905 vita vikaanza Umatumbi, kule Kilwa. Mganga Kinjikitile Ngwale alikuwa amewapa watu dawa ya maji, na imani ilikuwa kwamba risasi ya Mjerumani ingegeuka maji. Inaelezwa dawa yenyewe ilikuwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Agosti 4, 1905, lakini walikuwa wamechelewa. Maji yalishasambaa.

Ungoni dawa ililetwa na mjumbe aitwaye Omari Kinjala. Mputa aliikubali, na Songea na manduna wengine wakaingia vitani. Septemba 1905 misheni ya Peramiho ilichomwa moto.

Ilipofika Oktoba, bunduki za rashasha zilijibu swali ambalo kila mpiganaji alikuwa nalo moyoni. Maji hayakuzuia risasi. Wangoni wakabadili mbinu, wakaingia porini kupigana kwa kuvizia. Wajerumani nao wakabadili yao: wakachoma mashamba na maghala. Njaa ikaua wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa katika vita vyote vya Majimaji ni kati ya watu 75,000 na 300,000.

KITANZI

Mwanzoni mwa 1906 viongozi wengi wa Njelu walikuwa mikononi mwa Wajerumani, Mputa na Songea wakiwemo. Chabruma alivuka kuelekea Msumbiji, akafia huko.

Februari 27, 1906 vitanzi vikafanya kazi Songea. Wengine walibatizwa na padri wa misheni kabla ya kupandishwa. Mashujaa wanaokumbukwa kwa tukio hilo ni 67, Songea akiwa mmoja wao. Ndiyo sababu kila mwaka tarehe hiyo mji husimama kuwakumbuka.

Simulizi inayotunzwa Songea inasema Wajerumani walitaka kumwacha hai Nduna Songea, kwa kuwa waliona angewafaa kutuliza watu. Alikataa. Wenzake wameshanyongwa, yeye abaki kufanya nini? Akataka anyongwe kama wao. Siku chache baadaye akanyongwa, na ndiyo maana kaburi lake liko peke yake.

Simulizi hiyo hiyo inasema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

KWA NINI VICHWA?

Wakati ule huko Ulaya kulikuwa na wataalamu walioamini kwamba ukipima fuvu la mtu utajua tabia na thamani ya kabila lake. Leo tunajua ule ulikuwa ubaguzi uliovishwa koti la sayansi. Lakini ulijaza makabati. Mjini Berlin, Felix von Luschan alikusanya mafuvu kwa maelfu kutoka makoloni. Maofisa wa jeshi walikuwa wakiyatuma kama mizigo.

Tanzania tunayo kesi nyingine maarufu, ya Mtwa Mkwawa wa Uhehe, aliyejipiga risasi mwaka 1898. Fuvu lake lilitajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, ila lilirudi mwaka 1954 tu. Gavana Edward Twining alikwenda Bremen, akalichagua miongoni mwa mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa. Leo liko Kalenga, Iringa.

Kwa wakati ule hicho ndicho kipimo kilichokuwepo. Kwa maabara ya leo, upana wa kichwa hauwezi kumtambulisha mtu mmoja.

VINASABA VINAVYOFANYA KAZI

Mwaka 2011 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilipokea mkusanyiko huo wa mafuvu. Watafiti wakachunguza zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki. Mengi yalihusishwa na Rwanda, na takriban 200 yalihusishwa na maeneo ambayo leo ni Tanzania.

Septemba 2023 habari kubwa ikatoka. Mafuvu 8 yalikuwa yamepimwa vinasaba na kulinganishwa na watu walio hai Kilimanjaro. Matatu yakapata ndugu. Moja lilikuwa la msaidizi wa Mangi Meli, yule aliyenyongwa Old Moshi mwaka 1900. Fuvu la Mangi Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwao.

Kwa hiyo inawezekana. Swali ni je, kwa Songea itawezekana?

Tazama ugumu ulipo:

Kwanza, lebo. Mafuvu ya Kilimanjaro yalipata jibu kwa sababu maandishi ya zamani yalionyesha yalikotoka, hivyo watafiti walijua wakaulize ukoo gani. Fuvu lisilo na lebo ni sawa na simu isiyo na laini. Halikuambii umpigie nani.

Pili, fuvu lenyewe. Mtaalamu huchukua sampuli kwenye jino au kwenye ule mfupa mgumu wa ndani ya sikio, kwa sababu vinasaba hudumu zaidi hapo. Lakini mafuvu mengi yalichemshwa ili nyama itoke, na joto huharibu vinasaba. Alama ya kitanzi nayo hukaa shingoni, si kwenye fuvu. Kwa hiyo usitarajie fuvu lijitangaze kwamba mwenyewe alinyongwa.

Tatu, muda. Mjukuu hubeba wastani wa robo ya vinasaba vya babu yake. Kitukuu hubeba sehemu moja ya nane. Kilembwe, moja ya kumi na sita. Kila kizazi kinachopita, ushahidi unakatwa nusu. Kinachosaidia ni kromosomu Y, ambayo baba humpa mtoto wa kiume karibu bila mabadiliko. Lakini hiyo inahitaji mwanamume ambaye mnyororo wake ni wa wanaume watupu hadi kwa Songea. Na hata ikilingana, inakuonyesha ukoo, haikuonyeshi mtu mmoja.

Mzee mmoja akifariki bila sampuli yake kuchukuliwa, sehemu ya jibu inazikwa naye.

HALAFU KUNA SUMU

Hili wengi hawalijui. Makumbusho mengi ya zamani ya Ulaya yalipaka au kunyunyizia vitu vyake aseniki ili visiliwe na wadudu. Aseniki ni sumu, na haiozi. Inakaa palepale miaka 100 na zaidi.

Maana yake ni mbili. Kabla fuvu halijafika mikononi mwa familia, linapaswa kupimwa sumu. Mtu anayelipokea hawezi kuambiwa avae glovu siku ya kumlilia babu yake, lakini asipoambiwa ukweli anaweza kudhurika.

Pili, mkemia akikuta aseniki kwenye mfupa wa makumbusho, hawezi kusema tu kwamba marehemu alilishwa sumu. Lazima ajue kwanza mfupa ulipitia wapi na nani aliupaka nini. Ndiyo kanuni ya uchunguzi wowote wa maiti, wa jana au wa 1906: sampuli bila historia yake inaweza kukudanganya.

Hapa nchini kazi hizo mbili ziko chini ya paa moja. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo inayopokea sampuli za maiti wanaohisiwa kufa kwa sumu au dawa, na ndiyo inayopima vinasaba vya binadamu kwa sheria ya mwaka 2009. Yaani ujuzi wa kumsaidia Nduna Songea hauko Berlin pekee.

RAIS AFIKA, KABURI LIPO

Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea. Alikutana na familia ya Mbano, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani, na akaahidi nchi yake itasaidia kutafuta kichwa. Hakuwaficha kwamba huenda kisipatikane.

Kwa familia hiyo haikuwa sherehe. Ilikuwa mara ya kwanza mkuu wa dola iliyonyonga babu yao kusimama mbele ya kaburi hilo.

Na kaburi hilo lenyewe linaweza kuwa ufunguo. Kisayansi, mfupa wa mwili ulio Mahenge, kama vinasaba vyake vimesalimika kwenye udongo wetu wenye joto, ungelinganishwa moja kwa moja na fuvu lolote linaloshukiwa. Usingehitaji kuhesabu vizazi. Ila kufukua kaburi la nduna si uamuzi wa maabara. Ni wa ukoo, na ukoo ukisema hapana, ni hapana.

Nduna Songea alikataa kuachwa nyuma na wenzake, akawafuata kitanzini. Kumrudishia kichwa chake ni kukamilisha alichoomba: alale na wenzake, akiwa mzima.

Ukipita Songea, usiishie uwanja wa Majimaji na sokoni. Ingia Mahenge, simama kwenye lile kaburi la peke yake. Na kama nyumbani kwenu yupo mzee anayejua ukoo wenu hadi kwa babu wa babu, kaa naye leo uandike majina. Mafuvu yaliyopata ndugu Kilimanjaro yaliwapata kwa sababu kuna watu walikuwa wanayajua majina hayo.