Moïse Tshombe: mrithi wa magazini aliyefilisika kabla ya kuongoza Katanga

Hapa Lubumbashi, Moïse Tshombe anakumbukwa kama raisi wa Katanga iliyojitenga, na sanamu yake inasimama katikati ya mji, mbele ya posta. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya siasa alikuwa mtu wa magazini. Alirithi moja ya biashara kubwa zaidi zilizokuwa mikononi mwa Mkongomani wakati wa Wabelgiji: maduka, makamyo, mashamba na hoteli. Ikamshinda. Kushindwa huko ndiko kulikomsukuma kwenye siasa, na kunatuonyesha jinsi biashara ya mtu mweusi ilivyokuwa katika mji huu, jambo ambalo vitabu vya historia ya siasa vinaruka haraka.

Baba yake, Joseph Kapenda Tshombe, alikuwa Mlunda wa pande za Musumba, makao ya Mwant Yav, katika eneo la Kapanga. Ukoo wake ulikuwa wa damu ya kifalme, lakini utajiri wake haukutoka kwenye kiti cha enzi. Aliupata kwa kuuza na kununua, na alihesabiwa kati ya Wakongomani wa kwanza kufikia milioni ya franka. Tusidanganyike na neno hilo: baada ya 1949 milioni moja ya franka ilikuwa kama dola 20,000. Hata hivyo, mbele ya mfanyakazi wa mgodi aliyelipwa franka chache kwa siku na kupewa posho ya unga, ilikuwa feza ambayo akili haikuweza kuishika.

Mzee Kapenda alifanyaje? Tazama namna Katanga ilivyokuwa. Mji wa Élisabethville ulianzishwa 1910, mwaka ambao reli kutoka kusini ilifika, na karibu kila kitu kilizunguka Union Minière. Kampuni ililaza wafanyakazi wake katika makambi na kuwapa posho yao. Katikati ya mji, magazini zilikuwa za Wabelgiji, Wagiriki, Wareno na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes. Mkongomani mwenye mtaji mdogo alisukumwa pembeni: kwenye cité, au mbali kabisa, vijijini.

Lakini huko mbali ndiko kulikuwa na nafasi. Kapanga iko mamia ya kilomita kutoka Lubumbashi, na reli haipiti hapo. Magazini ya kijijini ikiendeshwa vizuri inapata faida mara mbili: inauza chumvi, nguo, sabuni na mafuta ya taa, kisha inanunua mavuno ya mkulima yuleyule, na kamyo iliyoleta bidhaa hairudi tupu. Ndiyo sababu makamyo yalikuwa na maana kubwa katika mali ya mzee huyo kuliko kuta za maduka. Asiye na kamyo anangoja bidhaa kwa bei ya mwenye kamyo. Ukiongeza mashamba, unauza hata usichonunua kwa mtu.

Hoteli nayo ilikuwa na hesabu yake. Hoteli kubwa ya mji, Léopold II, ile tunayoijua leo kama Park Hotel, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya Wazungu. Mtu mweusi hakuwa na ruhusa ya kuzunguka katika mtaa wa Wazungu usiku bila karatasi ya bwana wake. Chifu aliyekuja kuona wakubwa wa serikali, mchuuzi aliyeshuka kwenye treni, mwalimu wa misioni aliyekuwa safarini, wote walilala kwa ndugu au kwa mtu wa kabila lao. Basi Mkongomani aliyefungua hoteli aliuza kitu ambacho wengi walikihitaji na karibu hakuna aliyekitoa: kitanda cha mtu mweusi mwenye heshima yake.

Moïse alizaliwa Musumba tarehe 10 mwezi wa kumi na moja 1919, mzaliwa wa kwanza katika familia ya watoto wengi. Alisoma kwa wamisionari Wametodisti wa Marekani, akajifunza pia uhasibu. Alimwoa Ruth Matschik, binti wa Mwant Yav Ditende. Kwa hiyo tangu ujana alikuwa na vitu vitatu ambavyo mfanyabiashara yeyote wa wakati ule angevitamani: jina, shule, na baba tajiri. Mzee alipokufa 1951, biashara ilibaki mikononi mwake.

Hapo ndipo mambo yalianza kuharibika. Moïse alifilisika zaidi ya mara moja, na familia yake yenye mali ndiyo iliyomwokoa kwa kulipa. Walioandika maisha yake wanamwonyesha kama mtu wa kupendeza, mcheshi, mwenye mavazi mazuri na mkono mwepesi wa kutoa. Hizo ni sifa nzuri kwa mtu anayetaka kupigiwa kura. Kwa mwenye duka ni hatari. Mtoto wa mkubwa akikaa nyuma ya meza ya magazini, kila anayeingia ni ndugu au mtu wa ndugu, na kila ndugu anataka kuandikiwa deni. Mwenye tabia ya kutoa hawezi kusema hapana, na daftari la madeni linajaa upesi kuliko droo ya feza.

Lakini kumlaumu yeye peke yake si haki. Tazama jinsi majirani zake wa biashara walivyoinuka. Kijana wa Kigiriki au Myahudi wa Rhodes alifika Élisabethville bila kitu. Alifanya kazi miaka kadhaa katika magazini ya mjomba au ya mtu wa kijiji chao, akajua bei, wateja na namna ya kuagiza. Kisha mjomba huyo alimpa bidhaa kwa deni na kumdhamini mbele ya wauzaji wa jumla, naye akafungua duka lake Likasi, Kolwezi au Kasenga. Akikwama mwaka mmoja, jamaa walimbeba. Kwa maneno mengine, alikuwa na banki ndani ya ukoo.

Mkongomani hakuwa na banki hiyo, na ile ya kweli ilimfungia mlango. Kwa miaka mingi sheria ya koloni ilizuia deni la mtu mweusi, ikidai kwamba inamlinda asinyonywe. Na hadi miaka ya 1950, kumiliki ardhi kwa hati ya mji kulikuwa jambo la Wazungu. Sasa, mtu asiye na hati ataweka nini rehani? Muuzaji wa jumla alimtaka alipe taslimu, huku akimpa Mgiriki wa jirani muda wa kulipa. Wote wawili waliuza kitambaa kilekile, lakini mmoja alikilipa baada ya kukiuza, na mwingine kabla. Katika hali hiyo, kosa dogo ambalo mfanyabiashara wa Kizungu angelipona lilimwangusha Mkongomani chini kabisa. Mzee Kapenda aliweza kukaa bila kosa. Mtoto wake hakuweza.

Wakati biashara inalegea, milango mingine ilikuwa inafunguka. Mwaka uleule wa 1951 Moïse aliingia katika Baraza la Jimbo la Katanga, akakaa hadi 1953. Aliongoza pia chama cha kusaidiana cha Walunda mjini. Ilikuwa kazi ya kuongea, kupatanisha, kupokea wageni na kukumbuka majina ya watu. Kwa hiyo ile tabia iliyomharibia duka ikamjenga katika vyama.

Mwishoni mwa 1957 wakaaji wa Élisabethville walipiga kura ya komini kwa mara ya kwanza, na wakuu wa komini waliochaguliwa na Waafrika wengi wao walikuwa watu wa kutoka nje ya Katanga, hasa Kasai. Wakati huohuo bei ya shaba ilishuka na kazi zikapungua. Katika hasira hiyo Conakat ilizaliwa mwezi wa kumi 1958, ikiongozwa kwanza na Godefroid Munongo. Mwaka uliofuata Tshombe akawa raisi wake. Katika uchaguzi wa mwezi wa tano 1960, Conakat ilipata viti 25 kati ya 60 vya bunge la jimbo. Tarehe 11 mwezi wa saba, siku 11 baada ya uhuru wa Kongo, Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga.

Serikali yake tuitazame kwa macho ya mwenye duka, maana ndivyo wengi walivyoiona. Ilikuwa na mteja mmoja tu mwenye uzito: Union Minière. Kodi ambazo zingekwenda Léopoldville zililipwa Élisabethville. Kwa feza hizo Tshombe alilipa wafanyakazi wa serikali, jandarmeri, washauri Wabelgiji na askari wa kukodiwa. Alitoa noti zenye uso wake, na sarafu za franka 1 na 5 zenye msalaba wa shaba wa Katanga upande mmoja na ndizi upande mwingine. Kwa muda, magazini za mji zilikuwa na bidhaa wakati sehemu nyingine za Kongo zilipungukiwa. Watu wa zamani walioipenda Katanga hiyo wanakumbuka jambo hilo kwanza. Lakini mfanyabiashara yeyote wa soko la Kenya atakuambia kwamba duka lenye mteja mmoja si lako. Siku mteja huyo akibadili mawazo, unafunga. Katanga iliposhindwa mbele ya majeshi ya Umoja wa Mataifa, mwezi wa kwanza 1963, Union Minière iliendelea kuchimba. Tshombe ndiye aliyeondoka, akaenda uhamishoni Hispania.

Na kuna deni ambalo hakuna feza ya kulilipa. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa hapa kwa ndege, wakapigwa, na usiku uleule wakauawa porini, si mbali na mji, mikononi mwa wakubwa wa Katanga pamoja na maofisa Wabelgiji. Mwaka huohuo makumi ya maelfu ya Waluba wa Kasai walikimbia nyumba zao mjini wakajazana katika kambi chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Kati yao walikuwemo makarani, mafundi na wachuuzi, watu walewale waliokuwa wakiuziana na majirani zao Wakatanga kila siku. Sifa ya magazini zilizojaa haiwezi kusimuliwa bila hilo.

Waandishi wa habari wa Ulaya walimpa jina la utani la Kifaransa, Monsieur Tiroir-caisse, yaani Bwana Droo ya Feza, kwa namna alivyopokea feza na kuzitoa ili kununua urafiki. Ni ajabu kidogo, ukifikiri kwamba droo za kweli, zile za magazini ya baba yake, ndizo zilizomkaukia.

Alirudi mwezi wa saba 1964, safari hii kama Waziri wa Kwanza wa Kongo nzima, wakati uasi wa Simba ulikuwa umeshika nusu ya inchi. Aliita tena askari wa kukodiwa. Mwanzoni mwa 1965 alikwenda Brussels kujadiliana juu ya mali ambazo Ubelgiji ilikuwa bado haijaikabidhi Kongo, akarudi Léopoldville na mkoba wa hisa za makampuni, zikiwemo za Union Minière. Huenda hiyo ndiyo biashara bora kuliko zote alizowahi kufanya, na haikuwa yake. Mwezi wa kumi mwaka huo Raisi Kasavubu alimfukuza kazi, na mwezi uliofuata Mobutu aliwaondoa wote wawili kwenye mchezo. Tshombe akarudi Hispania. Mwezi wa tatu 1967 mahakama ya Kinshasa ilimhukumu kifo bila yeye kuwepo.

Aliyemkamata alikuja na ahadi ya biashara. Mfaransa Francis Bodenan alijitambulisha kwake kama mtu wa mitaji, akamzoea, akampeleka katika visiwa vya Hispania. Tarehe 30 mwezi wa sita 1967, wakiwa ndani ya ndege ndogo ya kukodi, Bodenan alitoa silaha na kumlazimisha rubani kuelekea Algeria. Mahakama ya huko ilikubali arudishwe Kongo, ambako kifo kilimngojea, lakini Raisi Boumédiène hakumtoa. Alikaa kifungoni miaka miwili kasoro siku moja. Tarehe 29 mwezi wa sita 1969 Algeria ilitangaza kwamba amekufa kwa ugonjwa wa moyo. Wengi walitilia shaka taarifa hiyo, na mpaka leo wapo wanaoitilia. Alikuwa na miaka 49. Mwili wake ulipelekwa Ubelgiji, na kaburi lake liko katika makaburi ya Etterbeek, karibu na Brussels.