Muyaka bin Haji: malenga aliyeokota mashairi mitaani

Ukitaja jina la Muyaka bin Haji mbele ya vijana wetu, wengi hukumbuka somo la fasihi na mtihani wake. Ni hasara, kwa sababu Bwana Muyaka hakuwa mtu wa darasani hata kidogo. Alikuwa mtu wa baraza, wa pwani kwenye majahazi, wa kusimama njiani akasikiliza nani kamwambia nani nini. Tungo zake zilitoka huko, na ndiyo maana zinachekesha na kuuma mpaka leo.

Alizaliwa Mombasa yapata mwaka 1776 na akafariki yapata 1840. Jina lake kamili ni Muyaka bin Haji al-Ghassaniy. Umri wake wote uliangukia zama ambazo mji huu ulikuwa na jeuri ya kipekee. Wareno walikuwa wameshatolewa Ngomeni tangu 1698, na wakuu wa Kimazrui, waliokuja kama magavana wa Oman, walikuwa wameacha kutii Muscat na kutawala kwa jina lao wenyewe. Walitawala pamoja na masheikh na matamimu wa Thenashara Taifa, yaani Tisa Taifa na Tatu Taifa, kwa makubaliano ambayo hayakuwa rahisi. Muyaka alikuwa karibu na wakuu hao, akawapenda, akawasifu, na ilipobidi akawaonya kwa mafumbo. Mji wa namna hiyo hauishi maneno, na malenga hakuwa na shida ya kutafuta la kutungia.

Ebu tuutazame mji wenyewe. Nyumba za wenye uwezo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikalazwa juu ya boriti za mikoko. Boriti haizidi urefu wake, kwa hiyo chumba huwa chembamba, hata mwenye nyumba awe tajiri vipi. Akitaka nafasi, huongeza urefu wa chumba au huongeza vyumba, lakini upana umeshaamuliwa na mti. Nje mlangoni huwa na baraza ya mawe, na hapo ndipo mwanamume hupokea wageni, maana ndani ni kwa wenyewe. Vichochoro ni vyembamba vilevile, vya kupata kivuli mchana kutwa. Matokeo yake ni kwamba mtu hawezi kupita asionekane wala hawezi kusema kwa sauti asisikike. Pembezoni mwa mitaa hiyo ya mawe kulikuwa na nyumba za udongo na makuti, na wote walikutana sokoni na kisimani.

Kaskazi ilipovuma, majahazi yaliingia kutoka Arabuni na Bara Hindi, na bandari ikajaa mabaharia wenye habari na uongo wa kila aina. Kusi ilipoanza, wakaondoka na pembe, nafaka na boriti zetu. Watu wa bara walileta mazao yao mjini kubadilisha. Muyaka alivichukua vyote hivyo. Katika tungo zake kuna chombo kinachopigwa na mawimbi, kuna nahodha, kuna mtu aliyekuwa na mali ikamtoka, kuna mke na mume wasiopatana, kuna mpenzi anayengojewa na haji. Kuna njaa pia, au ndaa kama tusemavyo Mvita, na rafiki anayepotea pindi mfuko unapokuwa mtupu. Mji wenyewe aliuita kwa jina lake la kale, Kongowea. Leo jina hilo tumeliachia soko la mboga na matunda kule ng'ambo ya daraja la Nyali, jambo ambalo nadhani lingemfurahisha.

Ili kuona alichokifanya, ni vizuri kumweka kando ya mshairi mwingine mkubwa wa zama zilizopakana na zake. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, wa upande wa Pate na Lamu, ndiye mtunzi wa Al-Inkishafi. Yeye naye alitazama nyumba. Aliyatazama majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na madaka ya kupangia vyombo vya kauri, sasa yakiwa magofu, wakazi wake ni popo na buibui, akaiambia nafsi yake ijiandae na mauti. Ni utungo mzito na hauna mfano. Lakini Muyaka alipita mbele ya nyumba ambazo bado zina watu, akasikia mtu anacheka ndani, na akaona kwamba hilo nalo linafaa kuwekwa katika mizani. Tungo nyingi kubwa zilizotufikia kutoka kabla yake ni tenzi na kasida, za dini, za Mtume, za vita vya masahaba. Wasomi wamezoea kusema kwamba yeye aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Mimi ningeongeza kwamba hakuukatia uhusiano na msikiti, maana Muislamu huyohuyo aliyeswali alasiri ndiye aliyeketi barazani baada ya swala.

Chombo chake kilikuwa shairi lenye mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao. Hakulibuni yeye, lakini ndiye aliyelipa heshima. Watu hudhani kanuni hizo ni kamba ya kumfunga mtunzi. Nikifikiria vile vyumba vyetu naona vingine. Fundi hakulalamika kwamba boriti ni fupi. Alijenga ndani ya upana huo, akachora chokaa ya ukutani na kunakshi mlango, hata anayeingia hakumbuki tena kwamba chumba ni chembamba. Muyaka katika mizani zake kumi na sita ana nafasi ya kugombana, kubembeleza, kutega kitendawili na kukitegua.

Kitendawili kilikuwa nusu ya raha yenyewe. Ilikuwa desturi ya pwani kufumba na kufumbua kwa beti, katika ngoma za gungu na katika mabaraza. Mmoja hufunga jambo kwa fumbo, mwenzake hulifungua kwa shairi la vina vilevile, na wasikilizaji huhukumu. Kwa hiyo shairi la Muyaka halikuwa jambo la mtu na kalamu yake chumbani. Lilitungwa likiwa na mtu wa kujibu. Lilisikika leo mtaa huu, kesho limefika mtaa wa pili, na kesho kutwa yule aliyelengwa ameshaelewa na hawezi kusema kwamba ameelewa. Si zote zilizo tamu. Ziko tungo zake juu ya wanawake ambazo ni kali kupita haki, na hakuna sababu ya kuzipamba leo.

Ukali huohuo aliupeleka katika siasa. Mombasa na Pate ziliposhikana dhidi ya Lamu, Muyaka alipigana kwa beti, naye Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi na malenga wa Lamu, akamjibu kwa beti. Watu wa miji miwili wanaosema lugha moja walipeana matusi yaliyopangwa kwa vina. Kisha, yapata 1813, jeshi la Mombasa na Pate liliteremka Shela na kushindwa vibaya. Maji yalikuwa yamekupwa, vyombo vimekwama, na waliokimbilia pwani waliuliwa wengi. Lamu, kwa kuogopa kulipiziwa, ilimwomba Sayyid Said wa Oman ailinde, na hapo mlango ukafunguka. Majisifu ya malenga wetu kabla ya Shela yanasomeka vibaya ukijua yaliyofuata.

Yaliyofuata yalikuwa marefu. Mwaka 1824 Mazrui walimpokea Kapteni Owen wa manowari ya Leven, bendera ya Kiingereza ikapandishwa, na 1826 ikateremshwa. Tangu 1828 Sayyid Said alikuja na merikebu zake mara kwa mara. Muyaka aliendelea kuusifu mji kama bahari yenye kina ambayo mgeni haijui. Silaha hazikutosha kuuchukua, lakini mgawanyiko ulitosha. Wenyewe kwa wenyewe walipotofautiana, mwaka 1837 Ngome ikaingia mikononi mwa Sayyid, na wakuu wa Kimazrui wakakamatwa na kusafirishwa kwenda kufia ng'ambo ya bahari. Muyaka, mzee wa miaka sitini, alibaki katika mji uleule, vichochoro vilevile, lakini watu aliowatungia hawapo. Miaka kama mitatu baadaye naye akafariki.

Hapo habari yake ingeweza kuishia, na karibu iishie. Mashairi yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo alama zake za irabu ni tatu na za kwetu ni tano, na ambazo hazina herufi za baadhi ya sauti zetu. Karatasi kama hiyo huisomi ila uwe tayari unajua inasema nini. Ni ukumbusho kwa mwenye kuhifadhi. Na waliohifadhi walikuwa wakifa mmoja mmoja.

Aliyeokoa kazi hiyo ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, naye malenga wa Mombasa. Alizikusanya tungo kutoka vinywani mwa watu na kutoka kumbukumbu zake, nusu karne baada ya mwenyewe kuzikwa. Mwingereza mmoja, kasisi William Taylor, aliyejifunza Kimvita kwa bidii ambayo wageni wachache wameifikia, alifanya kazi naye, akaandika maelezo ya maneno na ya visa. Mwaka 1940 William Hichens alichapisha diwani huko Johannesburg. Mwaka 1979 Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz, mwana wa Mombasa, alitoa kitabu chake juu ya Muyaka na ushairi wa watu wa karne ya 19, na hicho ndicho kilichomrudisha nyumbani. Kwa haki, Sikujua anastahili kutajwa kila anapotajwa Muyaka, na hatajwi.

Alichokifanya Mwalimu Sikujua hakikuwa kuhifadhi maneno peke yake. Shairi la kichochoroni linahitaji kichochoro chake. Ukisoma utenzi wa vita vya zamani, vita vimo ndani ya utenzi. Ukisoma ubeti wa Muyaka unaomsuta mtu kwa fumbo, fumbo liko ndani ya nyumba fulani, na asiyekuwa jirani hapati kitu. Sikujua alikuwa bado na majirani wa kuwauliza. Pale alipopata jibu, tunalo na tunacheka pamoja na watu wa 1820. Pale ambapo mwenye kujua alikuwa ameshakufa, vina vimebaki vizuri, mizani imetimia, na hatujui ni nani aliyekuwa akichekwa.

Karatasi za Taylor ziko London, katika maktaba ya SOAS. Nyumba nyingi za zama zile zimeanguka au zimepandishwa ghorofa za saruji, ila Mji wa Kale bado una baraza kadhaa zinazokaliwa baada ya alasiri, na wazee wanaoweza kukueleza fumbo la harusi ya mwaka fulani lilimlenga nani. Hayo hayajaandikwa na mtu.