Haile Selassie na Mvua ya Sumu

Mwanafunzi wa sekondari ukimwuliza Haile Selassie alikuwa nani, aghalabu atakujibu mambo mawili: kwamba alifukuzwa na Waitalia mwaka 1936, na kwamba mwaka 1963 aliwakaribisha viongozi wa Afrika mjini Addis Ababa, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaasisiwa. Majibu hayo ni sahihi, walakini yameruka jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo zito kuliko yote katika maisha ya mtu huyu. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya mataifa kudai kwamba mkataba wa kupiga marufuku silaha za sumu uheshimiwe na wale waliotia sahihi, na mataifa yakamwacha mkono.

Sisi tunaofundisha huku Malindi na Kilifi tuna sababu ya ziada ya kulikumbuka jambo hili. Ndege za Kiitalia ziliudondoshea mji wa Malindi mabomu mwaka 1940. Aprili 26, 1967, Waitalia wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni. Tangu hapo wamekuja wengi, wamejenga nyumba na hoteli, na vijana wetu wa ufuoni wanakisema Kiitalia kwa ufasaha ambao mimi, mwalimu wa isimu, nauonea wivu. Sina ugomvi na lugha hiyo wala na majirani hao. Ila jirani huulizwa habari za nyumbani kwao.

Tafari Makonnen alizaliwa Ejersa Goro, karibu na Harar, Julai 23, 1892. Baba yake, Ras Makonnen, alikuwa gavana wa Harar na alifariki mwaka 1906, mtoto akiwa bado mdogo. Mwaka 1916 Tafari akafanywa mrithi na msimamizi wa serikali chini ya Malkia Zauditu. Mwaka 1928 akatawazwa Negus, yaani mfalme, na Novemba 2, 1930 akavikwa taji la kaisari kwa jina la Haile Selassie. (Watoto wetu wa madrasa wanalijua neno Negus bila kujua kwamba wanalijua: ndilo lililoingia katika Kiarabu likawa Najashi, yule mfalme wa Uhabeshi aliyewapa hifadhi Waislamu wa kwanza.)

Imani yake kubwa ilikuwa katika mikataba. Mwaka 1923 aliiingiza nchi yake katika Shirikisho la Mataifa, akiamini kwamba taifa dogo lililo mwanachama halitamezwa. Miaka miwili baadaye, Juni 17, 1925, itifaki ya kukataza matumizi ya gesi za sumu vitani ilitiwa sahihi mjini Geneva. Italia iliiridhia mwaka 1928, na Ethiopia ikajiunga mwaka 1935. Naomba mwalimu aisome itifaki hiyo kwa makini pamoja na wanafunzi wake, maana kasoro yake i wazi. Ilikataza kutumia, haikukataza kutengeneza wala kuweka ghalani. Haikuunda chombo cha ukaguzi, wala haikusema ni nani atakayechunguza mshitakiwa akikana.

Italia iliivamia Ethiopia Oktoba 3, 1935. Siku nne baadaye Baraza la Shirikisho likaamua kwamba Italia ndiyo mchokozi, na mwezi Novemba vikwazo vikaanza. Lakini mafuta ya kuendeshea ndege na magari yaliachwa nje ya vikwazo hivyo, na Mfereji wa Suez haukufungwa. Uingereza na Ufaransa zilimwogopa Hitler, nazo zilitaka Mussolini abaki upande wao. Desemba mawaziri wao wa mambo ya nje, Hoare na Laval, walikubaliana kwa siri kumpa Mussolini sehemu kubwa ya Ethiopia. Siri ikavuja, Hoare akajiuzulu.

Mwezi huo huo wa Desemba, katika bonde la mto Takkaze, mabomu ya gesi ya haradali yalianza kudondoshwa. Jina hilo linahadaa. Sumu hiyo haina haradali ndani yake, ni harufu tu iliyoipa jina. Wala si gesi hasa, bali ni kimiminika kinachorushwa kwa matone. Huganda juu ya majani na ardhi, na anayeikanyaga huenda asihisi kitu kwa saa kadhaa, kisha ngozi ikafura malengelenge, macho yakapofuka, mapafu yakaungua. Askari wengi wa Ethiopia walipigana miguu mitupu. Baadaye ndege zikawa zinanyunyiza sumu kama mvua, zikiruka safu moja ili wingu lisiwe na pengo, na mifugo, mito na mashamba yakapata sehemu yake.

Ethiopia ilishitaki Geneva, na hapo ndipo mabishano ya wanadiplomasia yalipoanza. Italia ilijibu kwa mashitaka yake: kwamba Waethiopia walitumia risasi za kupasuka mwilini, kwamba waliitumia vibaya alama ya msalaba mwekundu, kwamba walimwua rubani mateka. Kila upande ulidai uchunguzi wa jambo la mwenzake. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilikuwa na ushahidi. Mjumbe wake, Dakta Marcel Junod, aliwaona majeruhi wa gesi huko Korem mwezi Machi 1936. Shirikisho lilipoomba taarifa, Kamati ilikataa kuitoa kwa kuchelea kupoteza sifa ya kutopendelea upande wowote. Nimesoma utetezi wa uamuzi huo na bado hauniingii akilini. Kutopendelea ni jambo jema, lakini ushahidi uliofungiwa sandukuni ulimpendelea mwenye ndege.

Baada ya kushindwa Maychew, kaisari aliondoka Addis Ababa Mei 2, 1936 kwa treni hadi Djibouti. Juni 30 alihutubia Shirikisho. Alikijua Kifaransa barabara, walakini alichagua Kiamhara, na nadhani alichagua vyema: aliyeshitaki pale ni nchi, nayo ilishitaki kwa ulimi wake. Waandishi wa Kiitalia walimzomea kwa filimbi hadi wakatolewa. Akaeleza namna sumu ilivyonyunyizwa, kisha akauliza mataifa madogo yatarajie nini. Siku chache baadaye vikwazo vikaondolewa, na ombi la Ethiopia la mkopo likapata kura moja tu ya kuliunga mkono, ya Ethiopia yenyewe. London kulikuwa na kijana wa Kikenya aliyeifuatia habari hii kwa uchungu: Jomo Kenyatta, katibu wa chama cha marafiki wa Uhabeshi kilichoongozwa na C.L.R. James.

Alirudi Addis Ababa Mei 5, 1941, baada ya majeshi yaliyotoka Kenya, askari wetu wakiwamo, kuuteka mji. Alitawala hadi Septemba 12, 1974, na sitaki kumtakasa: njaa ya Wollo ilifichwa na serikali yake, na mtu aliyelalamika kunyamaziwa na dunia hakupaswa kuwanyamazia wakulima wake. Aliuawa akiwa kizuizini Agosti 1975.

Mashitaka ya gesi hayakufika mahakamani. Badoglio, aliyeongoza vita vile, aliasi upande wa Hitler mwaka 1943 akawa rafiki wa washindi, na Uingereza haikutaka aguswe. Mkataba wenye wakaguzi ulianza kufanya kazi Aprili 29, 1997, ukisimamiwa na shirika lenye makao The Hague. Hata huo haujamaliza ubishi: Syria ilijiunga mwaka 2013 baada ya mauaji ya Ghouta, Marekani na Urusi zikibishana nani alitumia sumu, na Julai 2014 sehemu ya kemikali zake ilihamishwa melini katika bandari ya Gioia Tauro, nchini Italia.

Italia yenyewe ilikiri bungeni mwaka 1996, kupitia waziri wake wa ulinzi, Jenerali Corcione, kwamba gesi ilitumika Ethiopia. Wakati huo mifupa ya Haile Selassie, iliyofukuliwa mwaka 1992 katika uwanja wa kasri lake, ilikuwa ingali imehifadhiwa kanisani ikingoja maziko, ambayo hayakufanyika hadi Novemba 5, 2000.