Schott: Mwana wa mtunza bustani aliyeupa jina mmea wa sebuleni kwako

UNAUJUA ule mmea wenye majani mazito yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta? Ule unaowekwa kwenye kona yenye giza ya ofisi au sebule, na hata ukisahau kuunyunyizia maji wiki kadhaa hauna neno? Wauzaji wa miche kando ya barabara wanauita ZZ tu, basi.

ZZ ni kifupi cha Zamioculcas zamiifolia. Na ndani ya jina hilo refu kuna chakula ambacho mtu wa Mikinduri, kule Meru, anakijua tangu utotoni: nduma. Aliyetunga sehemu ya kwanza ya jina hilo ni Heinrich Wilhelm Schott. Hebu nikusimulie habari zake.

Schott alizaliwa Januari 7, 1794 mjini Brno, ambao leo uko Jamhuri ya Czech. Babake hakuwa bwanyenye. Alikuwa mtunza bustani, na baadaye akasimamia bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Vienna, Austria. Kijana naye akafuata nyayo zake.

Mwaka 1817, akiwa na miaka 23, bahati ikabisha hodi. Leopoldina, binti wa mfalme wa Austria, alikuwa anaolewa na Pedro, mrithi wa ufalme wa Ureno aliyekuwa akiishi Brazil. Austria ikatuma kundi la wanasayansi na wachoraji huko, na Schott akajumuishwa kama mtunza bustani. Alikaa hadi 1821.

Huko alikutana na misitu minene ambayo chini yake jua halifiki vizuri. Mimea ya chini imejifunza kuishi na mwanga kiduchu. Sasa unaelewa kwa nini jamaa zake wengi hawasumbuki ndani ya chumba chako chenye dirisha moja.

Aliporudi, alipanda ngazi pole pole. Mwaka 1828 akawa mtunza bustani wa kasri la Schönbrunn, Vienna, na kufikia 1845 alikuwa mkurugenzi wa bustani za kifalme. Lakini moyo wake ulikuwa kwa ukoo mmoja tu wa mimea: ukoo wa nduma, ambao wataalamu huuita Araceae.

Angalia maua ya nyumbani yanayopendwa leo, utaona mkono wake. Philodendron ni jina alilolipa uzito yeye, kutoka Kigiriki, maana yake kupenda mti, kwa sababu mingi hupanda miti. Aglaonema ni jina lake. Spathiphyllum, lake pia. Dieffenbachia je? Hiyo aliipa jina la Joseph Dieffenbach, mtunza bustani wa Schönbrunn. Aliyeshika jembe naye akakumbukwa.

Turudi kwa ZZ. Mwaka 1829, Loddiges, mwenye bustani maarufu London, aliuweka katika kundi la Caladium. Schott hakuridhika. Katika kazi yake alichunguza hasa maua, si majani peke yake. Mwaka 1856 akautengea kundi lake. Zamio inatokana na Zamia, mmea wa Amerika wenye majani yanayofanana na ya ZZ. Culcas inatokana na qulqas, neno la Kiarabu la nduma. Mwaka 1905, Mjerumani Adolf Engler akalikamilisha jina tunalotumia sasa. Zamiifolia ni majani kama ya Zamia.

Undugu huo si wa jina tu. Nduma mbichi huwasha mdomo kwa sababu ina chembe ndogo kama sindano. ZZ nayo inazo, kwa hivyo usimwache mtoto autafune.

Sasa sikia hii. ZZ ni mmea wa kwetu. Humea porini kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi mnamo 1996, ukatapakaa dunia nzima. Jina lake limebeba mmea wa Amerika, neno la Kiarabu na Kilatini. Watu walioishi nao miaka yote hawamo.

Schott alifariki Machi 5, 1865 hapo Schönbrunn. Mimea yake mingi aliyoikausha iliteketea 1945, Vita vya Pili vya Dunia vikielekea ukingoni. Lakini alikuwa amewalipa wachoraji kutoka mfukoni mwake, na michoro zaidi ya 3,000 ikasalia Vienna. Kilichowekwa kwenye karatasi ndicho kilichookoa kazi yake.

Mikinduri ina bahati. Mukinduri ni mti, Croton megalocarpus kwa wataalamu, na wingi wake ndio jina la mji wenyewe, limeandikwa hadi kwenye matatu. Majani na mizizi mingine haina soko la kubeba jina lake. Iko kichwani mwa wazee tu, na kichwa hakina nakala ya pili.

Kwa hivyo ukienda ushago Desemba, beba daftari. Nyanya akikutuma kung'oa nduma mtoni, muulize na majina ya mimea iliyo kando yake, uyaandike. Jina la kisayansi la nduma yenyewe tayari lina mwenyewe: ni Colocasia esculenta, na mwishoni wataalamu huandika Schott.