Fröbel, mutu wa mawe aliyepatia watoto pembe mikononi

Friedrich Fröbel alizaliwa Ujerumani mwaka 1782. Mbele ya jina lake kujulikana, alikuwa anapanga mawe kwenye makumbusho moja ya Berlin. Wachimbaji munajua: kwarzi, ikuwe kubwa ao ndogo, pembe zake ni zile zile. Njo kule macho yake yalizoea maumbo.

Kisha akatengenezea watoto vipande vya mbao, miraba na pembetatu. Mutoto anaunganisha pembetatu mbili, mraba unatokea, hata jina lake hajalijua bado.

Mwaka 1840 masomo hayo aliyaita bustani ya watoto. Mwaka 1851 serikali ya Prussia ikayafunga, eti yanamukana Mungu. Ilimuchanganya na Karl, mutoto wa ndugu yake! Fröbel akafa mwaka 1852. Katazo liliondolewa 1860.