Elías Valiña: Padri aliyeandika kitabu cha njia, kisha akaichora njia yenyewe

Unapanga kwenda kuhiji Santiago de Compostela, Hispania, kwa miguu? Swali moja litakusumbua mapema: nibebe kitabu gani cha mwongozo? Leo vipo tele, madukani na kwenye simu. Lakini miaka 50 iliyopita hali haikuwa hivyo kabisa, na mmoja wa walioibadilisha alikuwa padri wa kijijini.

Jina lake Elías Valiña Sampedro. Alizaliwa mwaka 1929 eneo la Sarria, Galicia, kaskazini magharibi mwa Hispania. Mwaka 1959 akawa paroko wa O Cebreiro, kijiji kidogo cha mlimani, takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Ukungu na theluji huko ni mambo ya kawaida.

Kijiji hicho kipo kwenye njia ya kale ya mahujaji waendao kwenye kaburi linaloaminika kuwa la Mtume Yakobo. Zama za Kati njia hiyo ilifurika watu. Ila kufikia katikati ya karne ya 20, waliokuwa wakiitembea walikuwa wachache mno. Vipande vingine vilimezwa na vichaka, vingine vikageuka mashamba au barabara za lami.

Valiña hakukaa kulalamika. Alisimamia ukarabati wa kanisa na wa nyumba za mawe za kijiji zenye paa la nyasi. Kisha akarudi darasani, na mwaka 1965 akapata udaktari huko Salamanca kwa utafiti wa historia na sheria za njia hiyo. Aliijua kwa makaratasi, akaijua pia kwa miguu.

Miaka ya 1980 ilipoanza, akatoa kitabu cha mwongozo kwa mahujaji. Haikuwa mara ya kwanza njia hiyo kuandikiwa. Tangu karne ya 12 ulikuwepo mwongozo ndani ya Codex Calixtinus, ulioeleza hata mito ipi maji yake ni salama na ipi ni hatari. Lakini hujaji wa sasa alitaka majibu ya leo. Nikifika njia panda, nikate kulia au kushoto? Nitalala wapi usiku? Maji nitapata wapi?

Tatizo la kitabu ni kwamba kinazeeka. Mkulima akiweka uzio, serikali ikijenga barabara, ukurasa mzima unapoteza maana. Na mtu aliyepotea mashambani jioni, kitabu kitamsaidia nini?

Ndiyo maana mwaka 1984 Valiña alipakia rangi ya njano kwenye gari lake, Citroën GS, akaanza kuchora mishale kwenye mawe, miti na kuta, kuanzia upande wa milima ya Pirenei. Inasimuliwa kuwa rangi ile ilikuwa mabaki ya kazi za barabarani. Inasimuliwa pia kuwa askari walimsimamisha, wakiwa na hofu ya mashambulizi ya wapiganaji wa Basque. Walipomhoji, akawatania kwamba anaandaa uvamizi mkubwa kutoka Ufaransa.

Uvamizi wenyewe ulikuja kweli, ila yeye hakuuona wote. Mwaka 1987 Baraza la Ulaya liliitambua njia hiyo kuwa njia ya utamaduni. Valiña alifariki Desemba 1989 akiwa na miaka 60. Mwaka 1993 UNESCO ikaiweka sehemu ya njia hiyo iliyoko Hispania kwenye orodha ya urithi wa dunia. Siku hizi karibu watu nusu milioni kwa mwaka hupewa cheti cha kuikamilisha.

Kwa hiyo ukichagua kitabu, mkumbuke padri huyu. Angalia kilitolewa mwaka gani. Angalia kama mwandishi aliitembea njia mwenyewe au alinakili tu. Angalia na uzito wake, maana utakibeba wiki nzima au mwezi. Na siku ukurasa na mshale wa njano vikipingana, usishupalie ukurasa. Mtu aliyeandika mojawapo ya miongozo maarufu ya njia hii alijua haitoshi, akashika brashi.

Sanamu yake ipo O Cebreiro, karibu na kanisa alilolihudumia. Mahujaji wengi hupita hapo wakiwa wamechoka na mlima, halafu wanaufuata mshale unaofuata.